Misheni si dili: kutumwa kwa jirani wa chumba cha pili na kwa wa mwisho wa nchi

Ukitamka neno "misheni" Kariakoo, angalia kwanza unaongea na nani. Kwa kijana wa mjini, misheni ni mpango wa kupata hela, na mishentauni ni yule anayeishi kwa mipango hiyo: hana duka, hana ofisi, ila jioni hakosi cha kula. Hapo hapo Kariakoo kuna Misheni Kota, jina la enzi nyingine kabisa. Na Jumapili kanisani misheni ni bahasha inayopitishwa safu kwa safu, au basi la kwaya linaloondoka alfajiri kwenda kuhubiri mkoani. Ni neno moja lenye maana zisizofanana, ila huwa zinagusana. Kila mara mhubiri anapomtazama jirani kama kichwa cha kuhesabiwa kwenye ripoti, misheni ya kanisani imegeuka ile ya mjini.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa. Misheni limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutuma, nasi tuna *tuma* yetu, iliyozaa mtume, utume, mtumishi na, kwa uchungu wa pwani hii, mtumwa. Mtume anajulikana kwa jambo moja: alichobeba si chake. Hawezi kukiuza wala kukipunguza, na asipopokelewa hana sababu ya kununa, maana mwenye ujumbe ni mwingine. Wataalamu wa theolojia walilisema hili kwa lugha yao katika mkutano wa Willingen, Ujerumani, mwaka 1952: misheni ni ya Mungu kwanza, kanisa linashirikishwa tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu shughuli za kimisionari, ulisema Kanisa kwa asili yake ni la kimisionari. Kwa hiyo umisionari si idara ya kanisa kama ilivyo kamati ya ujenzi.

Ndani ya utume huo kuna nyuzi mbili ambazo watu huzichanganya. Uinjilisti ni kumtangaza Yesu kwa maneno na kumwalika mtu amwamini. Diakonia ni huduma kwa mhitaji: mgonjwa, mjane, mfungwa, mwenye njaa. Wakatoliki wakisema uinjilishaji mara nyingi wana maana pana inayobeba yote mawili, ilhali Mlutheri au Mpentekoste akisema uinjilisti anawaza zaidi mahubiri na wito. Mabishano mengi ya vikao vya pamoja huanzia hapo tu, kila mmoja akitetea neno lake.

Je, lipi litangulie? Wengine husema tuwalishe kwanza, ndipo wasikie. Hapo pana mtego, kwa sababu chakula kinakuwa chambo, na samaki anajua chambo. Wengine husema maneno tu yanatosha, na Yakobo 2:15-16 imeshawajibu: ndugu yuko uchi na hana riziki, wewe unamwambia aende kwa amani akaote moto na kushiba. Jibu letu ni kwamba upendo haupangi foleni. Jirani mwenye njaa anapewa chakula kwa sababu ana njaa, na akiuliza kwa nini umekuja, anaambiwa ukweli wote bila kuficha Jina. Anayehudumu miaka kumi bila kumtaja Yesu hata anapoulizwa naye amepunguza ujumbe aliopewa.

Samaria iko korido

Mistari miwili hubeba mafundisho karibu yote ya umisionari. Mathayo 28:19-20, kwa Kigiriki, ina amri moja tu: kuwafanya watu kuwa wanafunzi. Kwenda, kubatiza na kufundisha ni vitenzi vinavyoeleza namna ya kuitimiza amri hiyo. Usharika uliokwenda sana na kuhesabu waliobatizwa, lakini hauna mwanafunzi mmoja anayeweza kumfundisha mwingine, bado haujaitimiza.

Mstari wa pili ni Matendo 1:8: Yerusalemu, Uyahudi wote, Samaria, hata mwisho wa nchi. Huchorwa kama duara nne: mtaa wetu, mkoa, taifa, dunia. Mchoro huo una kasoro. Samaria haikuwa mbali. Ilikuwa katikati ya Uyahudi na Galilaya, mtu aliweza kuifikia kwa miguu. Kilichoifanya mbali ni uhasama. Basi umbali wa umisionari hupimwa kwa vipimo viwili, kilomita na moyo, na Dar es Salaam kipimo cha pili ndicho kigumu.

Chukua nyumba ya Kiswahili ya kupanga, Manzese au Mbagala. Korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani pa kupikia, bomba moja, choo kimoja, mita moja ya Luku. Ndani yake wanaishi Mzaramo, Mha, Mchaga na Mpemba. Waislamu, Wakristo wa madhehebu matatu, na mmoja asiyekwenda popote. Hapo umisionari hauanzi na trakti, kile kijikaratasi cha mahubiri. Unaanza na Luku. Anayekwepa mchango wa umeme, akaacha zamu ya kuosha choo, kisha saa kumi alfajiri akaamsha nyumba nzima kwa sala, ameshahubiri, na mahubiri yake yameeleweka.

Yule mwanasheria wa Luka 10 aliuliza jirani yake ni nani, yaani mpaka uko wapi. Yesu alimrudishia swali likiwa limegeuzwa: nani kati ya wale watatu alikuwa jirani yake aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi? Watu hulisoma hilo vizuri, kisha huiruka hesabu iliyomo. Msamaria alitumia mafuta, divai, vitambaa, mnyama wake na usiku mmoja wa muda wake. Alilipa dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili. Hakumpeleka majeruhi kwake nyumbani. Alimkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni, mtu ambaye kazi yake ni kutunza watu. Na akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Kuna bajeti, kuna kumkabidhi mtu kwa mwenye uwezo, kuna ufuatiliaji. Huduma nyingi za sharika hufia kwenye hilo la tatu.

Kubisha hodi

Kumtembelea jirani kuna adabu yake, na wengi huikosea kwa bidii nyingi kuliko kwa uvivu. Nendeni wawili, kama wanafunzi wa Marko 6:7, na mmoja awe wa jinsia ya mwenyeji. Watano mlangoni ni uvamizi. Jumamosi alasiri ni wakati mzuri. Siku za kazi watu wanafika wamechoka na foleni. Kwa jirani Mwislamu epukeni Ijumaa mchana na saa ya magharibi. Hodi mara tatu, kukiwa kimya ondokeni. Ziara ya kwanza isizidi nusu saa, isiwe na vitabu, wala isiishe kwa maombi ambayo mwenyeji hakuyaomba. Muulize: "Ungependa tukuombee?" Akisema hapana, agana naye kwa furaha ile ile mliyoingia nayo. Akija siku nyingine na swali, 1 Petro 3:15 imeshatoa kanuni: kuwa tayari kujibu, kwa upole na kwa hofu.

Msiba ndio mtihani mkubwa wa ujirani wa mji huu. Kwa Waislamu maziko hufanyika haraka, mara nyingi siku hiyo hiyo, hivyo anayesubiri tangazo la Jumapili amechelewa. Kinachohitajika saa za mwanzo ni mikono: kufunga turubai, kukusanya viti, kuchota maji, kuazima masufuria, kushika daftari la michango. Andikisha rambirambi yako humo kama wengine wote; usimpenyezee mfiwa bahasha pembeni kana kwamba wewe ni mfadhili. Wanawake wajifunike kanga na wakae na wanawake; kwa desturi za pwani wanaokwenda makaburini ni wanaume. Mkristo mwanamume anaweza kufuata jeneza, na wakati wa swala asimame nyuma kwa utulivu. "Poleni sana" inatosha. Asihubiri, asisahihishe, asilinganishe namna zao za kuzika na zetu. Kisha arudi baada ya arobaini, turubai likiwa limeshaondoka na mjane akiwa amebaki na kodi ya nyumba.

Kwa mgonjwa wa wodini: zingatia saa za kuona wagonjwa, jitambulishe kwa muuguzi wa zamu, nawa mikono, usikae kitandani, omba kwa sauti ya kusikika na mgonjwa peke yake. Chakula muulize muuguzi kwanza, maana kuna wanaosubiri upasuaji na wenye kisukari.

Na hapa tusimung'unye maneno. Hakuna kosa la umisionari linaloua kama kumwambia mgonjwa aliyeombewa aache dawa. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6. Mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki chache, na hapo ndipo hupandishwa madhabahuni kushuhudia kwamba amepona. Akiacha vidonge, vimelea vilivyobaki vinaweza kujenga usugu, na matibabu yanayofuata huwa mazito zaidi. Mwenye VVU akiacha dawa, virusi huongezeka tena. Mtoto mwenye kisukari kinachohitaji insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Anayeombea wagonjwa amwambie kila mmoja, kwa sauti na mbele ya watu: dawa ziendelee, daktari ndiye atakayesema basi.

Kapu la chakula nalo lina hesabu yake. Kaya ya watu watano kwa wiki moja: unga kilo 10 (kama gramu 285 kwa mtu kwa siku), maharage kilo 3, mafuta lita 1, sukari kilo 1, chumvi nusu kilo, sabuni ya mche vipande viwili. Linalosahaulika karibu kila mara ni moto. Maharage bila mkaa ni mapambo. Ongeza mkaa au hela ya gesi. Kwa kaya ya Kiislamu usipeleke nyama iliyokwisha chinjwa, peleka kuku hai wachinje wenyewe. Mwezi wa Ramadhani mihogo, magimbi, tambi na tende hupokelewa kwa furaha, ila vifike kabla ya magharibi.

Nani apewe? Usimwachie mzee wa kanisa mmoja orodha nzima, kwa kuwa ndugu zake watajaa humo. Jumuiya ipendekeze, mjumbe wa nyumba kumi na mtendaji wa mtaa waulizwe, watu wawili wakatembelee, na orodha isibague dini. Na simu zibaki mfukoni. Picha ya bibi akipokea unga huku mabango ya kanisa yakiwa nyuma yake inamfurahisha mtoaji na kumvua nguo mpokeaji. Zaidi ya hapo, tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na picha ya mtu ni taarifa yake. Ripoti iwe na idadi ya kaya, si nyuso.

Watoto wana kanuni yao: hakuna mafundisho wala safari bila idhini ya mzazi au mlezi, na hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto peke yake mlango ukiwa umefungwa. Mkigundua mtoto anateswa, msiyamalize kifamilia. Namba 116 ni ya simu kwa ajili ya mtoto, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Kuhusu sheria kwa jumla, Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uchaguzi wa kubadilisha dini, na inasema kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu. Uhuru huo haufuti Kanuni ya Adhabu, ambayo inafanya kuwa kosa kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za wengine. Spika zilizoelekezwa kwenye madirisha ya jirani ni jambo la kelele kabla ya kuwa la dini, na wasimamizi wa mazingira wa serikali wanalishughulikia hivyo. Mhadhara unaochambua kitabu cha wengine kwa dhihaka huwafurahisha walioamini tayari; hatujui mtu anayependwa kwa kutukaniwa mama yake.

Aliyekuja na msalaba na aliyekuja na bendera

Sisi wenyewe tulikuwa mwisho wa nchi wa watu wengine. Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, chama cha kimisionari cha Kianglikana cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza Bagamoyo mwaka 1868, wakajenga kijiji cha waliokombolewa utumwani. Zanzibar, kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini lilianza kujengwa pale palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Mtume na mtumwa, maneno ya mzizi mmoja, yakakutana kwenye kiwanja kimoja.

Dar es Salaam mambo yalikuwa na kivuli. Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika mwaka 1887, mwaka ambao Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki nayo ilifungua kituo hapa. Watawa Wabenediktini, Wakatoliki kutoka Ujerumani, walifika Pugu, nje kidogo ya mji, mwaka 1888, na Januari 1889, katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kituo chao kilishambuliwa. Baadhi yao waliuawa na wengine kutekwa. Kwa aliyekuwa akitazama kutoka nje, aliyekuja na msalaba na aliyekuja na bendera walikuwa taifa moja, lugha moja, mwaka mmoja. Kosa hilo halikufa na Wajerumani. Timu ya uinjilisti inayoingia kijijini kwa gari la mgombea, fulana zake zikiwa kwenye buti, imelirudia, na uchaguzi ukipita kijiji kitakumbuka fulana kuliko Injili.

Mkutano mkubwa wa umisionari wa Edinburgh, mwaka 1910, ulikuwa na wajumbe zaidi ya 1,200, karibu wote wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa kanisa la Kipresbiteri Kenya alitoa wito uliowashtua wengi: wamisionari na fedha za nje visimame kwa muda, makanisa ya Afrika yajitambue. Mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliubeba wito huo. Haukutekelezwa kikamilifu, lakini ulibadilisha mazungumzo. Shirika la umisionari la UEM, lenye makao yake Wuppertal, Ujerumani, tangu 1996 ni ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa la Kilutheri (KKKT) ni mwanachama. Wachungaji hutoka huku kwenda huko pia. Wakatoliki wana Dominika ya Kimisionari, iliyowekwa na Papa Pius XI mwaka 1926 na kuadhimishwa Oktoba, ambapo parokia ya uswahilini na ya Ulaya huchangia mfuko mmoja.

Kumtuma mtu mbali

Usharika wa Dar ukitaka kutuma mwinjilisti, tuseme kwa wafugaji wa bara, kazi huanza kwa kuuliza kama kanisa la huko limeomba. Kuna maeneo yenye makanisa manne yanayogombea waumini wale wale, na bonde la pili halina hata moja. Watu wawili waende kwanza, wakae wiki mbili, wasihubiri. Waulize maji yanatoka wapi, watu huhama miezi gani, wazee wanaongea lugha gani. Kiswahili kitamtosha mwinjilisti wetu sokoni na ofisi ya kijiji. Kwa bibi anayekufa hakitoshi. Mwaka wa kwanza uwe wa lugha, na usharika ukubali ripoti zisizo na idadi ya waliookoka.

Fedha zipangwe kwa miaka mitatu: posho ya kila mwezi, kodi ya nyumba, bima ya afya ya familia, ada za watoto, usafiri, simu, na fungu la kumi la jumla hiyo kama akiba. Pikipiki bila bajeti ya mafuta, matairi na minyororo husimama kabla ya mwaka kuisha. Kinachoharibika kinajulikana: siku ya kumuaga kuna vigelegele na kwaya tatu, miezi mitatu ya mwanzo fedha zinafika, mwezi wa nne mweka hazina hapokei simu. Ahadi ziandikwe kwa majina, na pasiondoke mtu mpaka gharama za miezi sita ziwe benki.

Zile safari za wiki moja za kwaya na spika zina nafasi yake, hasa kumtia moyo mtumishi aliyekwisha kuwepo. Lakini kabla ya kukodi basi, kamati iandike ubaoni gharama yote ya safari, igawanye kwa posho ya mwezi ya mwinjilisti mmoja, iangalie ni miezi mingapi.

Miradi ina kanuni ngumu zaidi. Pampu ya kisima iwe ya aina ambayo vipuri vyake vinauzwa wilayani, na watumiaji waanze kuchangia matengenezo siku maji yanapotoka, hata kwa kiasi kidogo. Wakizoea bure miaka miwili hawatachanga inapovunjika. Kiwanja kipatikane kupitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, si kwa kupeana mkono na mzee mmoja chini ya mwembe. Na kiandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, kamwe si la mwinjilisti, hata kama yeye ndiye aliyetoa fedha zake.

Tarehe ya kuondoka iwekwe mapema. Tangu mwaka wa pili mwenyeji mmoja ahubiri angalau Jumapili moja kwa mwezi, mwingine ashike daftari la sadaka, na saini za benki ziwe tatu, mbili za wenyeji. Mwaka wa tatu mwinjilisti akae nyuma, kwenye benchi, akisikia Injili ikisemwa kwa lugha aliyojifunza ukubwani, na pengine na methali asizozielewa.